Chumba Namba Sita Hakizimi Taa

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilikokwama. Wewe uliyeingia leo, sogea karibu nikupe kwa ufupi, kisha ucheke na wenzako.

Mimi ni Mwalimu Emiliani, Mhaya wa Kamachumu, nafundisha hesabu sekondari hapa Tukuyu. Somo langu ulikumbuke, maana ndilo linalofanya kisa hiki kiniume zaidi. Nilichukua mkopo wa mshahara milioni kumi na nane, nikaongeza milioni nne za mke wangu Justa, nikajenga vyumba sita vya kupangisha kule Bulyaga.

Zile milioni nne hazikuwa za matofali. Justa ni nesi, na miaka yote tangu tulipohamishiwa huku alikuwa anadunduliza afungue duka la dawa. Nikamwomba asubiri mwaka mmoja tu.

"Vyumba sita, kila kimoja elfu themanini, ni laki nne na themanini kwa mwezi," nilimwambia. "Mkopo unakatwa laki tatu na nusu. Kinabaki laki na thelathini. Nyumba itajilipa yenyewe, na itakufungulia duka."

"Na chumba kikikaa bila mtu?"

"Hakitakaa."

"Na rangi? Mvua ya huku inaotesha ukungu mpaka kwenye viatu."

"Mama Innocent, hesabu nimefundisha miaka kumi na miwili. Wewe choma sindano."

Alininyamazia. Na mimi, kwa akili zangu zote za kukokotoa, nikadhani mwanamke akinyamaza amekubali.

Vyumba vikakaa bila watu. Godwin dalali, yule anayekula kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kuonyesha mlango, akanishauri nitangaze umeme uko ndani ya kodi. Nikakadiria kwa kutumia nyumba ya mama yangu Kamachumu, yenye balbu moja na redio. Nikaona elfu kumi na tano zinawatosha wapangaji sita. Nikaandika kwenye mikataba kwa mkono wangu mwenyewe: umeme juu ya mwenye nyumba. Huo ulikuwa mwezi wa pili, jua linawaka, watu wanatembea na mashati mepesi.

Ukafika mwezi wa saba. Aliyewahi kuoga maji ya Tukuyu alfajiri ya mwezi wa saba haniulizi swali. Wapangaji wote walinunua hita za kuchemshia maji, na LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaanza kunywa hela kama mlevi aliyelipiwa na rafiki.

Ndipo nilipofika wiki jana: nimesimama uani kwangu, kidole nimemnyooshea Belinda wa chumba namba mbili, nesi kama mke wangu, mbele ya wapangaji wenzake.

"Wewe ndiye unayenimaliza!" nilisema. "Nesi mzima, unaoga maji ya moto mara ngapi kwa siku?"

Belinda alikuwa anafua. Alikung'uta povu mikononi, akanitazama taratibu.

"Mwalimu, kumbe unahesabu na mara ninazooga? Mama Innocent anajua?"

Uani kulilipuka kicheko. Nilihisi masikio yanapata moto, na ndiyo sehemu pekee ya mwili wangu iliyokuwa na joto siku hiyo.

"Nimenunua umeme wa elfu ishirini Jumapili. Leo Jumatano, yuniti imebaki nusu! Hita yako—"

"Hita yangu natumia robo saa," alinikata. "Nenda namba sita, Mwalimu. Mchana taa, usiku taa. Mimi zaidi ya hapo sisemi. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ni mimi!"

Belinda aliinama kwenye beseni lake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Na wengine nao walikumbuka kazi zao ghafla, huyu kaingia ndani, huyu kaanza kuchambua mchele. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza. Mimi niligeukia namba sita.

Huyo wa namba sita inabidi nimtambulishe. Ni Mzee Alinanuswe, bwana mifugo mstaafu, mtu wa Kisondela. Aliletwa na Godwin mwezi ule ule wa pili. Mpole, kofia mkononi, kila unachomwambia anajibu "ndaga", yaani ahsante. Hakuomba kupunguziwa. Alitoa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, laki tisa na sitini, noti zimenyooka.

Siku ile niliingia nyumbani nacheza. Nilimshika Justa mkono nikamzungusha jikoni.

"Umeona? Mwaka mzima! Hao ndio wapangaji. Ulikuwa na wasiwasi bure."

"Hongera, Baba Innocent," alisema. "Kumbe nyumba inalipa."

Kwenye kodi ile nikamnunulia vitenge viwili vizuri, ili ajue kaolewa na mwekezaji. Iliyobaki nikachimbia msingi wa chumba cha saba. Msingi huo upo mpaka leo, vyura wanazaana humo.

Basi nikabisha namba sita. Mlango haukufunguliwa. Redio inaimba kwaya ndani, kwa sauti ya juu. Pazia zito, na nyuma yake mwanga wa njano, saa saba mchana.

"Kaenda msibani kwao," alisema mama wa namba nne bila kuinua macho kwenye mchele. "Atarudi jioni."

Kaenda msibani, kaacha taa na redio! Hasira zilinipanda. Nikampigia Godwin pale pale.

"Nitafutie mpangaji mwingine wa namba sita. Leo hii."

"Mwalimu, mzee si kalipa mpaka mwakani?"

"Kodi atakayolipa mpya ndiyo tutakayomrudishia wa zamani."

 Hata dalali hesabu hiyo ilimshinda.

"Ile yake umeshaila?" aliuliza.

"Nimeiwekeza. Tafuta mtu."

Kisha nikafanya jambo nililoliona la kiume kabisa. Nikaenda koridoni, nikafungua kisanduku cha umeme, nikashusha swichi kubwa, nikapiga kufuli. Redio ya namba sita ikakatika katikati ya haleluya. Nikawatangazia wapangaji kwamba umeme utarudi mzee akirudi na maelezo ya kueleweka, nikaondoka zangu kwa miguu kupandisha kwenye nyumba za walimu, ninakoishi. Nyuma yangu nilisikia Belinda akiniita, "Mwalimu! Mwalimu, usizime!" Nikadhani analilia hita yake.

Ukungu ulikuwa umeshashuka, na manyunyu yale ya Tukuyu yasiyojua kuanza wala kukoma. Nilifika nimeloa. Nikabadilisha suruali, nikanywa chai, nikasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Niliwahurumia watoto wale, nusu yao hawajui kutoa.

Justa alirudi kazini saa kumi na moja. Nilimpokea mkoba.

"Leo nimewanyoosha," nikamwambia. "Yule mzee wako mpole wa namba sita ndiye mchawi wa umeme. Nimezima swichi, nimepiga kufuli."

Alikuwa anavua koti. Akalirudisha mabegani.

"Umezima saa ngapi?"

"Mchana. Saa saba hivi, saa nane. Kwani—"

"Tangu saa saba! Emiliani!"

Justa huniita Baba Innocent. Mkwe wake akiwapo huniita Mwalimu. Emiliani nalisikia mara chache, na kila nilipolisikia, kuna kitu kilikuwa kimevunjika. Hakusema lingine. Alichomoka mlangoni na mimi nyuma yake, tukadaka bodaboda moja tukapanda wote wawili mshikaki, mke mbele yangu amejikunyata, hanigeukii.

"Una nini lakini?" nilimwuliza upeponi.

"Ufunguo wa kufuli unao?"

"Ninao."

"Basi nyamaza."

Tulipofika Bulyaga alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Hakwenda kwenye kisanduku cha umeme. Alikwenda moja kwa moja mlango wa namba sita, akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo.

Msomaji wangu, nisimamie hapo kwanza. Mke wangu wa ndoa, tuliyefunga kanisani mbele ya padri na wazee wa Kamachumu, ana ufunguo wa chumba cha mwanaume. Mwanaume mwenye kofia mkononi. Niliikumbuka ile "ndaga" yake laini nikaichukia. Nilikumbuka jioni ambazo Justa alisema ana zamu ya ziada, na harufu ngeni kwenye sweta lake. Sioni aibu kusema kwamba machozi yalikuwa karibu.

"Justa," nilisema, "ufunguo huo umeupata wapi?"

"Washa umeme kwanza!"

Alisukuma mlango. Nikachungulia juu ya bega lake, nikitegemea kuona kitanda.

Hakukuwa na kitanda. Kulikuwa na maboksi yamezungushwa duara, pumba za mbao sakafuni, balbu tano zinaning'inia zimezimika, na vifaranga. Wengi. Wamerundikana kona moja, mmoja juu ya mwenzake, rundo moja la manyoya linalolia kwa sauti ndogo, na sauti yenyewe inapungua.

"Wanalaliana kwa baridi," Justa alisema, na magoti yake yalikuwa yameshafika chini. "Wa chini wanakosa hewa. Washa, Baba Innocent, nakuomba!"

Nilikimbia. Kufuli ilinisumbua, vidole vimekufa ganzi. Nikapandisha swichi. Taa zote zikawaka, redio ikarudi na kwaya yake, uani watu wakashangilia. Nilirudi namba sita natembea kama niliyeokoa nchi. Kabla sijafika mlangoni, giza. Ile nusu yuniti ilikuwa imekwisha.

"Nunua LUKU!" Belinda alinipigia kelele.

Nikatoa simu, nikalipa elfu kumi. Hela ikakatwa upesi, hiyo haichelewi. Tokeni haikuja. Nikatazama simu, nikaizima, nikaiwasha, nikainua juu kuelekea Mlima Rungwe, labda mtandao unakaa huko.

"Imekuja?" Justa aliuliza kutoka ndani.

"Inakuja."

"Mwalimu, acha kuibembeleza simu, njoo ushike hawa," alisema Belinda, na safari hii hakuwa anacheka.

Na hapo ndipo nilipowajua wapangaji wangu. Mama wa namba nne alileta jiko la mkaa, Justa akamkataza kuliingiza ndani kwa sababu ya moshi, basi likawekwa kibarazani maji yakatelekwa. Wa namba tatu akaleta madumu ya kutia maji ya moto. Belinda akavua sweta lake akalitandika ndani ya boksi. Kila mmoja alijua maboksi yalipo na pumba zilipo. Wote walijua. Nyumba nzima ilikuwa na siri moja, na mtu pekee asiyeijua alikuwa anaimiliki.

"Ni vya nani?" niliuliza, ingawa moyoni jibu lilikuwa limeshabisha hodi.

Justa alikuwa anatenganisha rundo, wazima huku, waliolegea kule. Hakuinua uso.

"Vyangu. Mzee Alinanuswe ananitunzia, ndiye fundi wa chanjo na chakula. Hili ni kundi la tatu. Mia tatu. Jumamosi ijayo kuna mteja wa Mbalizi anakuja kuwachukua, na nusu ya hela kashanipa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia habari ya ukungu ukaniambia nichome sindano."

Mama wa namba nne alikohoa, akajifanya anapuliza moto.

"Fremu ya duka niliyoikuta pale karibu na stendi," Justa aliendelea, "mwenyewe ananishikilia mpaka Jumatatu ya baada ya hapo. Ikishapita Jumatatu anampa mwingine. Milioni nne zangu uliziweka ukutani, Baba Innocent. Ukuta haupangishi fremu. Nikaona nianze tena na vifaranga, na sehemu ya kuwalea nikaipata kwa mwenye nyumba mmoja anayetoa umeme bure."

Jamani. Nimewahi kupigwa na baba kwa fimbo ya mti wa kahawa, haikufika mahali maneno yale yalipofika.

"Ina maana kodi ile..." nilianza.

"Ya mwaka mzima. Niliitoa mimi. Nilikopa kwenye kikoba, chama chetu cha kukopeshana."

Nilimtazama. Alikuwa amevaa sketi ya kimojawapo cha vile vitenge viwili, goti moja limelowa maji na kinyesi cha kuku. Kitenge nilichomnunulia kwa mbwembwe, kwa hela yake, ili ajue kaolewa na mwekezaji. Na mimi hesabu hii nilishawafundisha watoto: ukitoa mfuko wa kulia ukatia mfuko wa kushoto, hujapata kitu. Sikujua kwamba mifuko yote miwili ilikuwa ya Justa, na umeme ndio ulikuwa wangu.

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kabisa, nikavuta pumzi nikaipandisha kifuani. Ilipofika mdomoni ikawa, "Samahani, waitu," kwa heshima yote ya Kihaya.

"Samahani utaniambia kesho. Fungua shati."

"Shati?"

"Una mwili mkubwa, una joto. Fungua."

Basi mbele ya wapangaji wangu wote, mwalimu wa hesabu, mwenye nyumba, nilifungua vifungo nikachomekewa vifaranga tumboni na kifuani. Belinda ndiye aliyekuwa ananipanga, kwa mikono miwili, kama anapanga soksi kwenye droo. Wanakwaruza. Ni wepesi kuliko nilivyodhani, na wana baridi, baridi mbaya ya kitu kinachotakiwa kuwa na moto. Nikajishika tumbo kwa mikono yote miwili, nikakaa kwenye pumba, sithubutu kupumua kwa nguvu.

"Mwalimu leo kataga," alisema wa namba tatu. Hata Justa alitabasamu, kidogo tu, upande mmoja. Kwa tabasamu lile ningeweka hata mia mbili.

Simu ilitetemeka mfukoni mwangu.

"Tokeni!" tulisema kwa pamoja. Mikono yangu ilikuwa na kazi. "Belinda, itoe, soma namba, kimbia kaingize."

Belinda aliichomoa, akaiwasha, akasoma. Uso wake ukabadilika.

"Siyo tokeni," alisema. "Ni Godwin."

"Achana naye!"

Lakini Justa alikuwa ameshanyoosha mkono. Alisoma mara moja kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti ili nyumba nzima isikie.

"'Mwalimu, mpangaji mpya wa namba sita nimempata kama ulivyoniagiza. Kalipa miezi sita, nimeshakata changu. Ana vyombo kwenye kirikuu, tuko njiani, mtoe mzee.'"

 Mama wa namba nne aliacha kupuliza moto. Nje, kwenye ukungu, gari dogo la mizigo lilipunguza mwendo, likakata kona, taa zake zikapenya mlangoni zikamulika maboksi, zikamulika na uso wa mke wangu. Uso wenyewe haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka, na hilo lilinitisha zaidi.

Mlango wa gari ulifunguliwa. Sauti ya Godwin ikabisha hodi uani, imechangamka, sauti ya mtu aliyeshakata chake.

"Baba mwenye nyumba," Justa alisema taratibu, akinirudishia simu kwenye mfuko wa shati, "una wageni."

Nilitaka kusimama. Nikasikiliza kwanza tumboni. Wa upande wa kulia walikuwa wameanza kupata moto, wanalia na kukwaruza. Nikasikiliza upande wa kushoto, walipolala kumi niliopewa kwanza, wale waliokuwa chini kabisa ya rundo.

Upande wa kushoto ulikuwa kimya, na Justa alikuwa ananitazama akisubiri nimwambie.